Jenereta ilipozima katikati ya saluni

Jenereta yetu ya inverta (yenye kifaa cha kielektroniki kinachosawazisha umeme wake), wati 1600, ilikuwa inakata kila dada alipowasha mashine ya kukausha nywele pamoja na birika la umeme. Fundi mmoja hapa Birere, mtaa wa Goma, akaipima kwa multimeta, kifaa cha kupimia umeme: volti 230, hezi 50. “Nzima kabisa!” Sawa, lakini haikuwa imebeba kitu. Bila mzigo hata inverta iliyochoka huonyesha volti nzuri.

Nikaipima ikiwa na mzigo: pasi ya wati 1000, kisha balbu za wati 100, moja moja. Ikavumilia hadi 1300. Kwenye 1400 taa nyekundu ya kuzidiwa mzigo ikawaka. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Hesabu ikakubali: asilimia 15 ikiondoka kwenye wati 1600, zinabaki 1360. Sasa birika linasubiri zamu yake, na dada ananuna.