Tulivyochanja mitamba wetu dhidi ya brusela

Mume wangu alipougua brusela, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba ambao huambukiza na watu, ushauri ulionikera kuliko wote ulikuwa huu: "Chanjo si ipo? Mchome na mumeo." Nimeambiwa hivyo na watu wazima, mmoja wao muuza dawa za mifugo. Jamani! Chanjo ya ng'ombe ya ugonjwa wa kutupa mimba, ile S19, ina vimelea hai vilivyopunguzwa makali. Vimepunguzwa kwa ajili ya ng'ombe. Binadamu akidungwa, hata kwa bahati mbaya, anaweza kuugua brusela yenyewe, ndiyo maana mchanjaji akijichoma anatakiwa kuwahi hospitali. Chanjo ya watu hatuna. Kinga yetu sisi inaanzia zizini na kuishia jikoni.

Mume wangu aliumwa karibu msimu mzima. Homa inapanda jioni, usiku anatoka jasho mpaka shuka linaloa, kiuno na magoti havimpi usingizi. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akapata nafuu kidogo, akarudi kitandani. Hakuna aliyemuuliza kama anafuga. Mimi ndiye niliyemweleza daktari kwamba ng'ombe wetu wametupa mimba zikiwa kubwa, na mume wangu ndiye aliyevuta makondo kwa mikono mitupu. Ndipo damu ikapimwa brusela. Alimeza doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6, nami nikamsimamia mpaka mwisho, maana anayeacha dawa kwa kuwa amejisikia vizuri, ugonjwa humrudia.

Tukaja kwenye chanjo. Wanaochanjwa ni mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, wa miezi 3 hadi 8. Madume hapana, na ng'ombe mwenye mimba anaweza kuitupa kwa chanjo hiyohiyo. Mitamba wetu walikuwa wachache, na hapo ndipo mambo yalipokwama: chupa ina dozi nyingi, ikishachanganywa ni ya kutumika papo hapo, inayobaki inamwagwa. Afisa mifugo akasema hafungui chupa kwa ndama wa nyumba moja, na alikuwa na haki.

Nikazunguka kwa majirani, wote wakaitikia. Siku yenyewe mmoja kahamishia ng'ombe malisho ya mbali, mwingine kaambiwa sindano inakausha maziwa, mwingine hela imeishia kwenye ada ya shule. Afisa akaondoka na kasha lake la barafu bila kulifungua. Niliumia sana, kwa sababu mitamba haisubiri. Ikivuka umri ukaichanja, baadaye kipimo cha damu hakitofautishi vizuri chanjo na ugonjwa.

Usiku huo nikapata wazo ambalo najivunia mpaka leo. Hapa kwetu Mvomero hakuna anayekosa siku ya josho, ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, hata mwenye uvivu wa namna gani, kwa sababu kila mfugaji anaogopa kupe. Kwa hiyo chanjo nikaipeleka josho! Nikaenda kwanza kwa kina mama wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukakusanya hela mapema, kila mwenye mtamba kwa idadi yake, bei ya soda mbili tatu kwa mmoja. Aliyekwisha kutoa hela hakimbii. Umri tuliuhesabu kwa mvua: waliozaliwa vuli ndani, waliozaliwa masika iliyotangulia nje. Tukaanza alfajiri chini ya mkuyu, kwa sababu chanjo hii jua na joto vinaiua, na mitamba tuliichanja kabla ng'ombe hawajaanza kupita kwenye dawa. Chupa ikaisha kabisa. Baba mdogo, aliyekuwa akinipinga hadharani, alileta wake mwishoni na kukuta zamu imepita. Akaandikishwa kwa awamu iliyofuata.

Msidhani mtamba akichanjwa maziwa yako salama. Chanjo haimtibu ng'ombe aliyekwisha ambukizwa, na haikingi kila mmoja. Mbuzi nao wana chanjo yao, Rev.1, ambayo sisi hatukuipata. Kwa hiyo kwangu maziwa yanachemka, yote, hata ya mgando. Mama mkwe alisema mgando wa maziwa yaliyochemshwa hauna ladha, na wengi humwambia uchachu unaua vijidudu. Hauaminiki kwa hilo. Nilichemsha, nikaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikatia kijiko cha mtindi wa dukani kwenye sufuria safi, nikafunika. Kibuyu cha zamani nilikitupa, kwani kimelowa maziwa mabichi miaka yote. Sasa mama anaomba kikombe cha pili.

Ng'ombe akizaa au akitupa, tunavaa glovu ndefu. Zikikosekana, mifuko ya plastiki miwili kila mkono. Kondo linafukiwa shimo refu pamoja na majani aliyolalia, mbwa wasifikie. Mjamzito hasogei kabisa. Na dume la kuazima hatupokei tena mpaka lipimwe damu, hata likiwa la shemeji.