Siku niliyomtafsiria mgeni

Jana binti yangu alirudi na kijitabu cha Katiba walichopewa shuleni. Hata viatu hajavua, akaniuliza: "Mama, mwaka 2010 ulikuwa kijani au nyekundu?"

Nikamjibu, "Kijani." Ni kweli. Lakini usiku usingizi haukuja.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, kura ya maoni ya Agosti 4 juu ya rasimu ya katiba mpya ya Kenya ikikaribia: kijani ni "Ndiyo", nyekundu ni "Hapana". Mwezi uliotangulia mabomu yalikuwa yamelipuka Uhuru Park, Nairobi, kwenye mkutano wa maombi wa kuipinga rasimu, watu wakafa, na hofu ilikuwa bado mbichi. Kanisa letu hapa Changamwe, Mombasa, likapata mgeni kutoka Marekani. Mtafsiri, kama kawaida, mimi.

Rasimu nilikuwa nimeisoma. Nilijua Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba mimba haitolewi ila mtaalamu wa afya akiona haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Mgeni akasema katiba hii itaruhusu mimba zitolewe kiholela. Nikatafsiri vilevile. Mtafsiri habishani na mhubiri madhabahuni.

Kisha akatamka "Sharia", yaani sheria ya Kiislamu.

Hapo nilikwama. Kwetu sheria ni sheria: ya barabarani, ya ardhi, ya Musa. Ningesema "katiba hii italeta sheria," kanisa lingeitikia amina. Kipaza sauti kiliniteleza mkononi kwa jasho. Mama yangu alikuwa safu ya pili, kitambaa cheupe kichwani, macho kwenye mdomo wangu. Mgeni akanigeukia, akangoja. Nikasema: "Mtapelekwa kwa Kadhi. Nyinyi na watoto wenu."

Hakusema hivyo. Yeye alisema mahakama za Kadhi ni mlango wa Sharia. Watoto niliwaongeza mimi. Kanisa zima likaguna, mguno ule wa matangani, na mama akafunga Biblia yake taratibu.

Jioni jirani yangu akaniita ukutani. Mwislamu, amenilea kama mwanawe. "Mwanangu, nasikia mwamwogopa Kadhi? Kadhi ndiye alonitolea thumuni yangu ya mirathi marehemu mume wangu alipofariki. Wewe na yeye mwakutania wapi?" Sikuwa na jibu. Mahakama hizo zilikuwa katika katiba tangu uhuru, kwa mapatano ya mwaka 1963 na Sultani wa Zanzibar, na rasimu ilisema wazi ni za Waislamu wanaokubali kwenda huko, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi.

"Ndiyo" ilishinda kwa takriban asilimia 67. Mimi nilitia alama kwenye kijani, mkono ukitetemeka. Mama alitia kwenye nyekundu, akatoka kituoni uso umenyooka: "Wajukuu wangu hawatafikishwa kwa Kadhi." Wakati huo sikuwa hata na mtoto.

Baadaye nilisoma kwamba American Center for Law and Justice, shirika lililoasisiwa na mhubiri Pat Robertson, lilikuwa na tawi Nairobi lililoipinga rasimu. Nikasoma pia kwamba serikali ya Marekani iliiunga mkono, hadi mbunge wao Chris Smith akalalamikia pesa zilizotumika. Nikajiambia wageni ndio waliotuvuruga. Miaka yote hii najaribu kuegemea hapo, na hapaegemeki. Hofu ya siku ile ilipita kwenye ulimi wangu, na iliwafikia watu ikiwa kali kuliko ilivyotoka kwake. Mama alifariki sijamwambia.

Asubuhi ya leo, mlangoni, binti akauliza tena: "Na nyanya?"

"Nyekundu."

"Nani alimwambia?"

Nikainama nikamfunga kamba za viatu, ingawa amejua kuzifunga mwenyewe siku nyingi.