Jiwe likikauka

Kigoma, Jumapili jioni

Pale Kibirizi wimbi likirudi, kokoto za ufukweni huachwa na rangi zake zote: nyekundu iliyoiva, kijani cha kufifia, nyeupe yenye mishipa ya kahawia. Okota moja, itie mfukoni, na ukifika nyumbani utaikuta ya kijivu tu. Rangi haijaenda popote. Uso wa kokoto umejaa vijishimo ambavyo jicho halivioni, na mwanga ukivigonga hutawanyika ovyo. Maji huviziba, ndiyo maana rangi huonekana. Nikiifikiria kazi ya kung'arisha mawe, naona shabaha yake ni hiyo moja: kuulainisha uso mpaka jiwe likikauka lionekane kama limelowa. Anayeanza akishika hilo, hatua zote zitamkaa kichwani.

Mashine haina makuu. Ni kopo la mpira linalolala juu ya fito mbili za chuma, na mota inayozungusha fito moja kwa mkanda. Kopo la kilo 1.5 linatosha kuanzia. Uzito huo ni wa mawe, maji na msasa (si wa karatasi, ni chenga ngumu za kusugulia) kwa pamoja, ukizidisha mota inaelemewa. Unaweza kujitengenezea kopo kwa kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, ndani ukalitandika tyubu kuukuu ya gari ili kelele zipungue. Lizunguke mara 50 hadi 60 kwa dakika. Likienda mbio, mawe huanguka na kupasuana badala ya kuteleza na kusuguana. Mota ya cherehani usiitumie: imetengenezwa kwa kazi ya vipindi, na hapa inatakiwa izunguke usiku na mchana wiki nzima. Itaungua.

Mawe sasa. Nyekundu nyingi za huku kwetu ni jiwe la mchanga, na mengi yake hayang'ai kamwe, kwa sababu chembe zinachomoka moja moja. Dondoshea tone la maji kwenye jiwe kavu, likinywewa, liache. Kisha likwaruze kwa ncha ya kisu cha chuma: kisu kikiacha mfereji, ni laini mno. Kwatzi na akiki zina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, na kisu hakizifanyi kitu. Jiwe la chokaa lina 3, na hutoa povu ukilidondoshea siki. Usichanganye ugumu tofauti kwenye kopo moja, maana gumu litalila laini. Lenye ufa liache pia, kwa kuwa ufa huficha chembe za msasa na kuzitema hatua za mwisho. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale usiokote hata moja.

Jaza kopo theluthi mbili hadi robo tatu, ukubwa ukichanganywa, madogo kwa makubwa. Maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu. Tia vijiko vikubwa 4 vya msasa, yaani chenga za silikoni kabidi namba 60/90 (namba ikipanda, chenga huwa ndogo zaidi), funga, washa, acha siku 7. Siku za mwanzo fungua mara moja kwa siku, kwani baadhi ya mawe hutoa gesi na kifuniko kinaweza kufyatuka. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, tope hutuama na kushika kama saruji. Kabla ya kuwasha tena, lizungushe kopo kwa mkono mpaka usikie mawe yanatembea.

Hatua hii ya kwanza ndiyo wengi huikimbia, na ndiyo inayoamua yote. Msasa wa siku 7 umeshasagika ukawa unga, hauli tena. Kuongeza siku bila kuongeza msasa ni kupoteza umeme. Osha, kausha juani, kisha kagua kila jiwe likiwa kavu kabisa, kwa sababu maji yatakudanganya palepale yanapodanganya ufukweni. Lenye shimo au kona linarudi koponi na msasa mpya. Mengine huhitaji wiki 3 au 4, na yote hupungua ukubwa, kwa hiyo okota zaidi ya unayohitaji.

Baada ya hapo ni namba 120/220, kisha 500, kisha unga wa kung'arishia wa oksidi ya alumini. Kila hatua vijiko 4 na siku 7. Kopo libaki limejaa theluthi mbili kila mara, ukijazia vigololi vya kauri mawe yakipungua. Lisipojaa, mawe hugongana na kupata alama nyeupe za mwezi mwandamo kingoni. Likijaa mno, hayatembei.

Kati ya hatua na hatua, osha kuliko unavyodhani inafaa: mawe moja moja kwa mswaki wa meno, kopo, kifuniko, ukingo wa mpira, hata ndoo. Chembe moja ya namba 60 ikiingia kwenye unga wa mwisho itachora mawe yote, na utarudi nyuma hatua mbili. Ukiweza, tenga kopo la kung'arishia peke yake. Tope limwage shimoni uani, mbali na sinki na mfereji, kwa sababu likiganda bombani halitoki. Ukilazimika kuvunja jiwe kwa nyundo, lilowanishe, vaa miwani na barakoa; vumbi la kwatzi huharibu mapafu na hayaponi.

Ukitoka namba 500, jiwe kavu linapaswa kuwa na mng'ao hafifu, kama ganda la yai. Kama bado limefifia, unga wa mwisho hautaliokoa, rudia 500. Likishatoka kwenye unga, lizungushe saa chache kwa maji na sabuni ya mche iliyokunwa, lisuuze, lifute. Halafu litumbukize nusu tu kwenye kikombe cha maji, ulitoe. Kama bado unauona mpaka ambapo maji yameishia, halijawa tayari.