Makaburi ya Wapolandi, Tengeru

Kutoka Moshi, konda alitushusha Tengeru siku ya soko, ikabidi tupenye kwenye matenga ya nyanya, mikungu ya ndizi na mitumba. Bodaboda Bibi hapandi, nami sikumbishia. Bajaji ikatufikisha chuo cha mifugo. Makaburi yamo humo humo.

Hapa ndipo walipoishi wakimbizi wa Polandi kuanzia mwaka 1942, karibu watu 5,000, wengi akina mama na watoto, katika nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na shamba. Mateso yao yalianzia mbali. Mwaka 1940 Wasovieti waliwazoa familia nzima nzima kutoka mashariki ya Polandi, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan, wakafanyishwa kazi kwa njaa na baridi. Hitler alipoivamia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachilia. Wanaume wakajiunga na jeshi la Wapolandi chini ya Jenerali Anders; wake na watoto wakavushwa hadi Iran, na baadhi yao wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Basi mtoto aliyeijua theluji ya Siberia akajikuta chini ya Mlima Meru anakula ndizi.

Mlinzi, mzee mcheshi, alitufungulia geti. Makaburi ni kama 150, na majina yake yananishinda kutamka.

“Vita ilipokwisha mbona hawakurudi kwao?” Bibi aliuliza.

“Kwao kulishachukuliwa, mama,” mzee akajibu.

Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1945 mipaka ilisogezwa, vijiji vyao vikabaki upande wa Stalin. Wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia.

Bibi ni Mmeru wa Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ileile ya Kiingereza iliyowapokea Wapolandi iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka huko, ili walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alilipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952, lakini ardhi haikurudishwa wakati huo.

“Hawa walijengewa,” Bibi alimwambia mlinzi. “Sisi tulichomewa nyumba.”

“Najua, mama. Hata kwetu walichoma.”

Wakaanza kuulizana koo. Mimi nilibaki nasoma misalaba hadi jua likawa kali, kisha tukapanda gari la Usa River, tukaunganisha la Ngare Nanyuki. Bibi alitaka nikaone na huko.