Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima kwenye kliniki ya sukari

Saa 12:30 asubuhi. Wagonjwa wa sukari huwahi. Nafungua chumba na benchi la nje limeshajaa. Mimi ni muuguzi wa macho hapa Tanga, na siku ya kliniki ya kisukari kila mgonjwa hupitia kwangu kabla ya kumwona daktari, hata anayesema macho yake hayana tatizo. Huyo hasa ndiye ninayemtaka.

Saa 2:00. Shikamoo za kutosha, kisha ubao wa herufi E wa kupima uwezo wa kuona, mita 6. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, ana miwani mpya na malalamiko: anadai kauziwa mbovu. Nafungua daftari lake. Siku aliyopimwa macho, sukari yake ilikuwa 19; leo ni 8. Sukari ikijaa kwenye damu huingia pia kwenye lenzi ya jicho, hugeuka kuwa sorbitoli, na sorbitoli huvuta maji. Lenzi ikavimba, naye akapimiwa miwani ya jicho lililovimba. Namwomba avumilie wiki kadhaa, sukari itulie, ndipo tupime upya.

Saa 3:00. Matone ya kupanua mboni. Yanachukua dakika 20 hadi 30, na baada yake mtu haoni vizuri vitu vya karibu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nauliza kila mmoja nani atamrudisha nyumbani.

Wakati huo wa kusubiri ndio muhimu kuliko yote, maana ndipo watu wanaposema ya moyoni. Bibi mmoja wa Pongwe, aliyeandikiwa aanze insulini, anatikisa kichwa.

"Mwanangu, sindano hiyo siitaki. Jirani yangu aliianza, hata mwaka haukuisha, akawa haoni."

Benchi zima linaitikia. Kila mmoja ana jirani wa namna hiyo.

Navuta kiti. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, nayo ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na mafuta ya mwili. Kwa kisukari cha ukubwani, mwili huanza kutoitii, kongosho hujitahidi kuzalisha zaidi, na baada ya miaka huchoka. Wagonjwa wetu wengi huandikiwa sindano vidonge vikishashindwa, na miaka yote hiyo sukari imekuwa ikiharibu mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila maumivu yoyote.

"Bibi, mwizi aliingia zamani. Sindano imefika imekuta nyumba imeshaibiwa, ndiyo ikakamatwa yenyewe."

Wanacheka, lakini simwambii kuwa hofu yake haina msingi kabisa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, uliohusu kisukari kinachoanza ujanani, ulionyesha kwamba sukari iliposhushwa sana, baadhi ya macho yalizidiwa katika miezi ya kwanza. Miaka ilipopita, waliodhibiti sukari vizuri walikuwa wamepunguza hatari ya kuanza ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Kwa kisukari kama cha bibi, utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998 ulikuta madhara ya mishipa midogo yamepungua kwa asilimia 25. Kwa hiyo jicho litazamwe kabla ya kuishusha sukari kwa kasi. Mtu asikimbie sindano.

Saa 5:00. Picha za retina. Kwa wengi naona vidoti vyekundu, mahali mishipa ilipotuna, na wengine wana madoa ya njano ya mafuta yaliyovuja. Kisha zamu ya bibi. Ubaoni amesoma karibu mistari yote. Lakini jicho la kushoto lina mishipa mipya, myembamba, imeota juu ya neva ya jicho. Retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali iitwayo VEGF, nayo huotesha mishipa hiyo dhaifu inayopasuka ovyo. Ikipasuka, atalala anaona na kuamka haoni. Moyo unanidunda, maana hapo ndipo leza, tiba ya miale ya mwanga, bado inasaidia sana.

Saa 8:00. Wali maharage na daktari wa zamu. Ananiuliza kuhusu sindano mpya za kisukari zinazoiga homoni ya utumbo, GLP-1, zinazozungumzwa kila mahali. Namkumbusha jaribio la semaglutide, mojawapo ya sindano hizo, la mwaka 2016: matatizo ya retina yalikuwa asilimia 3 kwa waliotumia dawa na 1.8 kwa wasiotumia, zaidi kwa waliokuwa na retina mbovu tayari. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni yaleyale, sukari kushuka haraka. Tunakubaliana kuhusu bibi: insulini aanze kwa dozi ndogo, ipandishwe taratibu, na leza isingoje.

Saa 9:30. Nampigia simu mwanawe. Anauliza watahifadhi wapi dawa, nyumbani hawana friji. Namwelekeza: chupa ambazo hazijafunguliwa zibaki kwenye friji ya zahanati, inayotumika ikae kivulini ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, na ikifika wiki nne itupwe hata kama imebaki. Anauliza kama safari ya Moshi kwa ajili ya leza inaweza kusubiri mavuno.

Hapana, namwambia. Akate tiketi leo, na barua ya rufaa aichukue kwangu kabla ya saa 11.