Kwani Kuta Ndizo Zinazomfanya Mtu Kuwa Mkristo?

Masomo: Waebrania 10:23–25, Yohana 20:24–29, 1 Wakorintho 11:17–34

Wapendwa katika Kristo, salamu.

Swali la juma hili wengi wetu tumewahi kuulizwa, na wengine tumejiuliza kimoyomoyo asubuhi ya Jumapili tukiwa bado kitandani. Mtu akisali nyumbani, akisoma Neno, akiishi vizuri na watu, ana haja gani ya kwenda kanisani kila wiki? Mungu si yuko kila mahali?

Halikuanza na sisi. Katikati ya karne ya 4 mjini Roma aliishi mwalimu mmoja wa ufasaha, Marius Victorinus, msomi aliyeheshimiwa mpaka akasimamishiwa sanamu. Uzeeni akaanza kuyasoma Maandiko kwa bidii. Mtakatifu Augustino anasimulia kwamba mzee huyu alikuwa akimwambia rafiki yake Simplicianus, faraghani, kwamba yeye ni Mkristo tayari. Simplicianus akamjibu: sitaamini mpaka nikuone kanisani. Victorinus akamcheka: "Kwani kuta ndizo zinazomfanya mtu kuwa Mkristo?" Wakawa wanarudia hivyo hivyo kila mara, huyu na neno lake, yule na utani wake.

Tusijifanye kwamba mzee alikuwa hana hoja. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hatusikii kwamba alikuwa mtu wa ibada, na aliahidiwa kuwa peponi siku ile ile. Kwa kinywa cha Amosi Mungu anasema anazichukia sikukuu na makutano ya dini ya watu waliokanyaga haki. Na kila mmoja wetu anamjua mtu asiyekosa Jumapili hata moja, lakini akitoka pale mlangoni ulimi wake haujui kwamba umetoka kusifu. Kwa hiyo anayehubiri kana kwamba mbinguni kuna daftari la mahudhurio anahubiri jambo ambalo Injili haikulisema.

Lakini Augustino anatufunulia kilichokuwa kimejificha nyuma ya utani ule. Victorinus aliwaogopa marafiki zake wakubwa, waabudu miungu, wasije wakamgeuka. Kuta hazikuwa na neno naye. Kilichomtisha ni watu: wa nje ambao wangemcheka, na wa ndani ambao angehesabiwa kuwa mmoja wao. Imani ya faraghani ilimwezesha kumpenda Kristo bila kujulikana kuwa ni ndugu wa mtu yeyote. Siku moja akamgeukia rafiki yake ghafla na kusema, "Twende kanisani, nataka kuwa Mkristo." Ilipofika zamu yake ya kuikiri imani, viongozi wakampa nafasi ya kufanya hivyo kwa siri, kama walivyowaruhusu wenye haya. Akakataa. Alipopanda mbele ya watu, jina lake likaenda mdomo kwa mdomo kwa furaha: Victorinus! Victorinus!

Sasa twende kwenye Waebrania. Mstari wa 25 tunaupenda sana, hasa sisi viongozi, kwa sababu unafaa kuwa fimbo: "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Tunausoma, tunawaangalia waliokuja (ambao hawakuwa na kosa), na wasiokuwepo hawausikii. Lakini sentensi haikuanzia hapo. Inaanzia mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kukusanyika kumewekwa pale kwa ajili ya kuangaliana. Mwandishi anawaandikia watu waliochoka, waliotukanwa, wengine walionyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani, na anajua kwamba mtu wa namna hiyo akikaa peke yake ataacha kidogo kidogo bila hata kuamua kuacha. Mfano wa kaa la moto lililotolewa jikoni mmeshausikia vya kutosha, sitaurudia. Niongeze hili tu: mfano ule humwambia mtu kwamba atapoa asipokuja, lakini haumwambii kwamba asipokuja kuna mwenzake anayepoa.

Nadhani hapo ndipo swali letu linapopinda vibaya. Tunauliza, "Mimi ninahitaji kanisa?" na jibu hutegemea hali yangu wiki hiyo. Mahubiri yalinigusa, ninahitaji; hayakunigusa, sihitaji. Waebrania wanauliza upande wa pili: nani atamwangalia mwenzako usipokuwepo? Kuna mama aliyefiwa mwezi uliopita, ambaye leo hawezi kuimba. Anasimama tu na kitabu cha nyimbo mkononi huku wengine wakiimba kwa ajili yake. Hakuna aliyeandaa huduma hiyo wala kuipangia kamati. Imewezekana kwa sababu watu walikuwepo. Na wiki nyingine huenda wewe ndiye utakayesimama bila sauti.

Hili ndilo ninaloliona kwa Tomaso pia. Tumezoea kumsema: angalieni, alikosa ibada moja tu, akakosa kumwona Bwana! Mimi hunishangaza zaidi siku nane zinazofuata. Tomaso amesema waziwazi kwamba hatasadiki kamwe mpaka atie kidole chake katika kovu za misumari. Wenzake wanasema wamemwona Bwana, yeye anasema hapana. Hata hivyo Yohana anaandika kwamba baada ya siku nane "wanafunzi wake walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao." Alikuja akiwa haamini, na wale kumi hawakumfungia nje mpaka anyooshe imani yake kwanza. Bwana aliyepita katika milango iliyofungwa angeweza kumtokea Tomaso popote alipokuwa, peke yake, usiku. Akangoja mpaka wote wapo. Tomaso akaona majeraha, akasema neno zito kuliko yote waliyosema wenzake: "Bwana wangu na Mungu wangu!"

Kwa hiyo ndugu unayesema, "Nitarudi imani yangu ikitengemaa," naomba umtazame Tomaso. Mashaka hayakuwa sababu ya kukaa mbali.

Je, mkusanyiko wenyewe ukiwa na kasoro? Paulo hakuficha. Aliwaambia Wakorintho kwamba wanakusanyika "si kwa faida bali kwa hasara." Kwenye chakula cha Bwana huyu alikuwa na njaa na huyu amelewa, wenye navyo walitangulia kula, wasio navyo wakaaibishwa. Kanisa la namna hiyo wengi wetu tungelihama, na pengine tungekuwa na haki. Dawa ya Paulo ni fupi ajabu: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Hakufunga mkutano, wala hakuwaambia walioaibishwa wavumilie tu. Aliwageukia wenye makosa.

Hapa niwe mwangalifu. Kuna watu walioondoka kanisani kwa sababu waliumizwa humo, na baadhi waliumizwa na sisi tuliovaa kanzu na kola. Kumsomea mtu huyo Waebrania 10:25 ni kumwongezea jeraha. Kama mahali fulani si salama kwako, kuondoka si kumwacha Kristo. Tafuta ndugu wengine, hata wawili au watatu. Bwana alisema walipo hao kwa jina lake, naye yupo kati yao. Usiwaruhusu waliokuumiza wakunyang'anye na ndugu wote.

Wagonjwa, wazee na wanaolea wagonjwa nao wasibebeshwe hatia. Yustino Mfiadini, akieleza katikati ya karne ya 2 jinsi Wakristo walivyokutana siku ya Jumapili, anataja usomaji wa Maandiko, mafundisho, sala, mkate na divai. Kisha anasema mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwepo. Na sadaka iliyokusanywa iliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Asiyekuwepo alihesabiwa kuwa yumo. Ibada kwa njia ya simu imetusaidia sana katika hilo, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Tatizo lake ni moja tu: wewe unaiona ibada, lakini ibada haikuoni wewe. Simu haitagundua kwamba umekonda, wala haitakuuliza mbona mume wako haonekani siku hizi. Mwenye afya na nafasi akiifanya kuwa kawaida yake, huwa amerudi pale alipokuwa Victorinus.

Mwaka 304, Kaisari Diocletian akiwa amepiga marufuku mikutano ya Wakristo, kundi la waumini lilikamatwa Abitina, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, wakiwa kwenye ibada ya siku ya Bwana. Aliyekiri kwamba walikutana nyumbani kwake aliitwa Emeritus. Liwali akamuuliza kwa nini aliwaruhusu kuingia. Wengi hukumbuka jibu lake la pili, kwamba bila kusanyiko la Bwana hawawezi kuishi, na ni jibu zuri. Lakini la kwanza lilikuwa: kwa sababu ni ndugu zangu, nisingeweza kuwazuia.

Basi wiki hii naomba mambo mawili. Wewe uliyezoea kuwepo, fikiria ni nani hujamwona kwa muda, umpigie simu kabla ya Jumapili. Usimuulize kwa nini haji. Muulize hali yake, halafu usikilize. Na akija, tafadhali tuache ule mzaha wetu wa mlangoni: "Heee, leo umetukumbuka! Leo mvua itanyesha!" Tunadhani tunachangamsha, kumbe mwenzetu amepigana na nafsi yake asubuhi nzima ili kuufikia mlango ule, na sasa macho yote yako kwake. Mpe kitabu cha nyimbo, sogea kidogo apate pa kukaa, umwonyeshe tulipofika.

Nawe uliyekaa mbali muda mrefu na unayesoma haya kwa sababu mtu amekutumia, huhitaji kuja na maelezo. Ukichelewa, ingia tu. Kama viti vya nyuma vimejaa, na kwa kweli huwa ndivyo vinavyojaa kwanza, kule mbele nafasi zipo tele.