Fundi Aliyekataa Kumaliza Kabla ya Arusi

Dada yangu alipoposwa, mama alitoa amri moja tu kuhusu vyombo: kitanda hakinunuliwi, atalalia samadari ya bibi. Samadari yenyewe ilikuwa imevuliwa vipande vipande na kuegemezwa ukutani kwenye chumba cha juu, nyumbani kwetu mtaa wa Mkomani, Lamu, nyuma ya mikeka iliyochakaa. Matendegu manne marefu ya msaji, yaliyokerezwa pingili pingili, mifumbati miwili ya ubavuni, na kitakizo cha mchagoni, upande wa kichwa, chenye nakshi za maua. Tangu utotoni tuliambiwa kitanda hicho kililetwa na jahazi kutoka Bara Hindi, na hapakuwa na aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Vumbi, mafuta ya nazi na moshi wa udi vilikuwa vimegandamana juu yake hata huoni tena rangi ya mti.

Kutafuta fundi nikatumwa mimi. Lamu mafundi wa mbao hawakosi. Ni mji wa milango ya nakshi, na ukishika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hufiki mbali kabla hujasikia patasi. Ila kuchonga mlango mpya ni kazi moja, na kukisafisha chombo cha kale bila kukiharibu ni kazi nyingine kabisa. Watu wengi huzichanganya.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Langoni, mchangamfu, maneno mengi. "Dada, siku mbili tu, mtakitazama kama kioo." Akanionyesha mashine yake ya umeme ya kupigia msasa, na kiti cha kale alichokuwa amekimaliza juzi yake. Kweli kiling'aa. Nikapitisha kidole kwenye nakshi za egemeo: majani ya maua yalikuwa yamelika kingo kama sabuni ya juma zima. Msasa wa mashine hauchagui kati ya uchafu na nakshi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wa pili alikuwa Mombasa, rafiki alinipa namba yake. Huyu alituma picha za kabla na baada, nzuri kwelikweli. Nilipomuuliza anatoaje rangi ya zamani, akasema anatumbukiza kipande kizima kwenye pipa la maji ya soda kali, ile kostiki inayounguza. Nikamwuliza, na viungo je? Vyombo vya zamani vingi viliungwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo ikikutana na maji huachia. Alinijibu kwa picha ya kidole gumba.

Wa tatu alikuja nyumbani mwenyewe, mzee wa makamo ya mjomba wangu, kofia ya viua kichwani, mkononi mfuko wa kitambaa. Alipiga hodi, akasalimiana na mama kwa kituo, akaulizia watu wote wa nyumba, kahawa akaikubali. Ndipo akapanda juu. Hakuzitazama nakshi hata kidogo. Aliligeuza tendegu moja, akatoa pamba na kichupa cha spiriti, akaipapasa sehemu ya ndani isiyoonekana, akasubiri. Mbao ikaanza kunata. Pamba ilipotoka ilikuwa na rangi ya asali.

"Shelaki," akasema. "Hii ni ya asili. Haitaki kuvuliwa, yataka kuoshwa na kuongezwa."

Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo wa huko India, huyeyushwa kwa spiriti, na spiriti hiyohiyo huilainisha tena hata baada ya miaka mingi. Vanishi za siku hizi zikishakauka haziyeyuki hivyo. Alipofika kwenye kitakizo akarudia pamba yake, ikatoka safi. Akaguna. Kumbe katika safari za samadari hiyo kuna mtu aliipaka mchagoni vanishi ya dukani. Pale, alisema, hapana budi kukwangua, kwa kipande cha kioo na mkono, nakshi kwa nakshi, mpaka mti uonekane.

Mama akamwuliza bei. Ilikaribia maradufu ya yule kijana, na akamtajia kila kitu atakachofanya, nami nikaamriwa niandike kwenye daftari.

"Na utamaliza lini?"

"Matendegu na mifumbati, kabla ya arusi. Mchago, hapana. Masika yaja. Shelaki ikipakwa hewa ikiwa na maji, hutoka ukungu mweupe. Nitaukwangua, nitaulainisha, niuwate mtupu mpaka mvua zipite."

Mjomba aliyekuwa ameketi mlangoni akaruka. Wakwe watasema nini? Bibi arusi aingizwe kwenye kitanda nusu? Kijana wa Langoni si alisema siku mbili? Mama alimwacha amalize, kisha akamgeukia fundi: "Anza kesho, bwana fundi."

Baadaye nilimwuliza mama kilichomvutia. Akasema huyu ndiye peke yake aliyetutajia jambo asiloweza kulifanya. Mimi kwangu ilikuwa ile pamba. Ningempa kazi kwa pamba ile tu.

Fundi alifanya kazi kwenye daka letu, baraza ya mlangoni, asubuhi mpaka adhuhuri, akipaka kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa duara, tabaka juu ya tabaka, kila moja nyembamba kiasi cha kutoiona. Watoto wa mtaa walikatazwa kukaribia, wakakaribia. Siku ya arusi mchago ukatundikiwa shuka ya hariri na vikuba vya asumini, na wakwe wakasifu asumini.

Mvua zilipopita alikwenda kwa dada kumalizia. Alipolipita tendegu la upande wa dirishani akasimama: palikuwa na madoa ya duara, yamepauka, usawa wa bega. Akainama, akanusa.

"Marashi ya chupa," akasema. "Haya yana spiriti, mwanangu. Jipulizie kule."

Dada akainamisha kichwa huku akicheka. Fundi akatoa kitambaa chake, akayapitia madoa kwa mizunguko midogo mpaka yakapotea, kisha akaniita nilete daftari tuongeze mia tano.